Maharagwe Yaliyokamatwa kwa Kosa la Kuwa na Chuma

Mheshimiwa Burgumesta, kiongozi wetu wa manispaa, uliyeacha kazi nyingi ili ukae nasi kwenye viti hivi vya plastiki. Bwana Nshobole, mkuu mpya wa Biro, ambaye hotuba zikiisha utakabidhiwa muhuri. Padri wetu na Mchungaji wetu, mliokaa meza moja kwa amani. Daktari Baharanyi na wauguzi wako. Wafanyakazi wote wa Biro ya Uhakiki wa Vitu Vitokavyo Ardhini. Mama zangu wakulima mlioshuka kutoka Rutshuru tangu alfajiri. Majirani wa hapa Katoyi, Goma, mlioalikwa na msioalikwa. Ndugu wageni, protokole yote ikiheshimiwa. Na zaidi ya wote wewe, Papa Sebahire Florent, muzee wetu na mkuu wa Biro unayepumzika leo baada ya utumishi mrefu: nawasalimu. Hamjambo?

Mmeitika vizuri sana kwa watu wenye njaa. Chakula kimechelewa, najua. Nitawaeleza sababu, maana sababu naijua.

Jina langu ni Charline Munezero. Kwa elimu na kwa kazi mimi ni agronomu. Ujana wangu wote nimeutumia kuozesha maharagwe: nachukua chavua ya mmea huu, naipeleka kwenye ua la mmea ule, halafu nangoja watoto wazaliwe nione nani amerithi nini kwa nani. Lakini mshereheshaji amenitambulisha, nanyi mmesikia, kama mwakilishi wa sekta ya uchimbaji madini, na baadhi yenu mmenitazama viatu. Msishangae. Ndivyo nilivyoandikwa katika Biro hii. Wachimbaji wa kweli walialikwa waje kumuaga Papa Sebahire, wakasema wana udhuru, na mimi ndiye niliyebaki kwenye orodha.

Kabla sijapanda hapa, mshereheshaji aliniinamia sikioni akaniambia, "Mama Charline, sema kidogo, na useme mazuri tu." Mazuri nitayasema. Kidogo, hilo siahidi.

Nimekuja na mambo mawili, nayaweka mezani sasa hivi ili asiwepo wa kusema nilimzunguka. La kwanza, kumuaga Papa Sebahire kwa heshima anayostahili. La pili, kumwomba gunia langu. Gunia moja la maharagwe, ambalo Biro hii ililikamata mvua za mwezi wa tatu zikianza, na ambalo mpaka jana jioni lilikuwa depo, ghalani kwao, nyuma ya ukuta huu ninaouonyesha kwa mkono.

Gunia moja tu, agronomu mzima analilia? Wageni wangu, hilo si gunia la kula. Nipeni nafasi niwaambie limetoka wapi.

Wako hapa mama wanaoujua ugonjwa wa kuoza mizizi. Maharagwe yanaota vizuri, yanafungua majani mawili, mkulima anamshukuru Mungu na kuanza kuhesabu ada za shule. Halafu majani yanageuka manjano. Ukivuta mmea, unakuja mkononi bila kubisha, kwa sababu huko chini mzizi umekuwa mwekundu na laini. Ni kuvu wa udongoni, na udongo wa milima yetu, unaolimwa bila kupumzika, umemkaribisha kama shemeji. Na ule ugonjwa wa shamba haukai shambani. Maharagwe yakifa, sufuria inabaki na fufu ya muhogo na majani, na mama mwenye mimba anayekula fufu na majani anaanza kuona giza akisimama, anahema akibeba ndoo, na siku ya kuzaa damu inamwishia kwenye meza ya kujifungulia. Sisi wa utafiti tunaandika haya katika vitabu viwili tofauti, kimoja cha mimea na kingine cha watu, kana kwamba mama na shamba lake hawajuani.

Basi nilitafuta haragwe moja la kujibu vitabu vyote viwili. Mama Nyiransabimana, huyu hapa mwenye kitenge cha njano, simama mama wakuone, alikuwa na maharagwe ya kupanda mitini, ya bibi yake, ambayo yalisimama wima mwaka ule shamba la kila jirani lilipolala. Yalikuwa na afya, lakini ndani yake chuma kilikuwa kidogo. Mimi nilikuwa na mengine, kutoka mbali, yaliyojaa chuma na zinki, lakini yakiugua hata ukiyatazama vibaya. Mmoja mzima lakini maskini, mwingine tajiri lakini kitandani kila siku. Ndoa za namna hiyo mnazijua. Nikawaoza. Watoto wengi walirithi umaskini wa baba na magonjwa ya mama, na naona wazee hapa mbele mnatikisa kichwa, mna mifano nyumbani. Misimu mingi ilipita. Mwishowe akatokea mmoja aliyechukua mzizi wa huyu na chuma cha yule. Mimi nilimpa namba. Mama wa Rutshuru wakacheka namba yangu, wakamwita Simama Mama.

Halafu ukaja mwaka wa kukimbia vita. Sitausimulia, kila mtu hapa ana wake. Mbegu zetu zililiwa barabarani na kambini, na aliyezila hana kosa, mtoto akilia humpi hotuba juu ya utafiti. Lakini Mama Nyiransabimana aliacha godoro, aliacha redio, aliacha hata viatu vya kanisani, akashuka mpaka Goma na gunia moja la Simama Mama mgongoni. Alililalia kwa muda wote wa kambi. Mumewe alisema gunia lile lilipata nafasi nzuri kitandani kuliko yeye. Duniani kote, Ndugu wageni, Simama Mama iliyobaki ni ile.

Barabara ilipotulia, tulitaka kuirudisha nyumbani, kwenye shamba lake, ipandwe. Nikachota kidogo nikapeleka laboratwari kupimwa ili nithibitishe kwamba kambi haikuiharibu. Majibu yalikuwa mazuri, na mimi kwa furaha nikayabandika juu ya gunia, watu wote wayaone. Tukapakia, tukaondoka, tukafika bariyeri ya Biro, kizuizi cha njia ya kaskazini. Hapo ndipo nilipokutana kwa mara ya kwanza na Papa Sebahire, amesimama wima, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni.

Alisoma karatasi. Akaisoma tena. Akaniuliza nimeitoa mgodi gani: "Mama, hapa banaandika chuma. Tena zinki. Hii madini munatosha ku mugodi gani?"

Nikamwambia, "Papa, hii iko maharagi. Fungua uone."

Akasema, "Mimi sisomi na macho, mama. Macho inadanganyaka. Ninasoma karatasi, juu karatasi iko na sinyatire, sahihi ya mutu. Kama haiko madini, juu ya nini laboratwari inasema chuma? Nani iko mwongo, laboratwari ao weye?"

Niambieni, ningejibu nini? Kusema laboratwari ni mwongo, naua kazi yangu ya miaka. Kusema laboratwari ni mkweli, nimekiri nasafirisha madini bila etiketi, kibandiko cha ruhusa. Mtu aliyesoma mpaka ng'ambo nilisimama pale barabarani, abiria wa magari mengine wananihurumia.

Na hapa nataka nimsifu Papa Sebahire, maana kazi aliifanya kwa ukamilifu. Alifungua faili la mgodi wangu. Aliniuliza mgodi una kina gani; nikamwambia vidole viwili, vitatu udongo ukiwa mkavu. Akaandika kwamba hatari ya kuporomoka ni ndogo. Aliuliza wachimbaji wanatumia nini, nikasema jembe. Akaniambia jembe linakubalika, baruti hapana. Aliuliza, madini hii itaisha ardhini lini? Nikamwambia, "Papa, hii ukiichimba inaongezeka. Unatia moja, unatosha arobaini." Aliishusha kalamu. Akasema kwamba tangu aanze kazi hajawahi kuona madini yanayozaa, na kwa sababu hiyo faili litachukua muda.

Lilichukua muda. Wakaguzi wakapanda mpaka shambani kwa Mama Nyiransabimana. Walikuta ardhi imelimwa, imelainishwa, haina kitu, kwa kuwa kitu kilikuwa depo kwao. Wakaandika raporo kwamba mgodi uko tayari, wachimbaji wako tayari, lakini madini hayaonekani, na kwamba huo ni ushahidi wa wizi. Wakaagiza kwamba kuanzia siku ile hakuna mama atakayeshika jembe katika eneo lile bila helmeti. Wakaacha helmeti. Mama alipalilia viazi vyake na helmeti kichwani msimu mzima, na mumewe mpaka leo anamwita Bwana Enjenya. Mvua za mwezi wa tatu zikanyesha, zikaisha, na shamba la Simama Mama likaota majani ya porini.

Nilirudi bariyeri mara nyingi. Siku moja hasira zilinipanda, nikamwambia, "Papa Sebahire, kama kila chenye chuma ni madini, damu yako nayo iko na chuma. Sasa utajikamata?"

Nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza. Alitazama mishipa ya mkono wake, kwa utulivu, akauliza, "Ni kweli?" Nikamwambia amuulize Daktari. Akamuuliza Daktari. Na Daktari Baharanyi, ambaye ni msomi na hajui kudanganya, akamjibu kwamba ni kweli kabisa, chuma ndicho kinachoifanya damu kuwa nyekundu.

Basi kibao kikasimama bariyeri, mnakikumbuka wote: KILA MSAFIRI AONYESHE KIPIMO CHA DAMU. Aliyekutwa na damu nyingi alihesabiwa kuwa msafirishaji, akawekwa pembeni kwenye benchi. Aliyekutwa na damu kidogo alipita bure. Mji huu una watu wenye akili, na ndani ya juma moja mambo yakageuka. Madereva wa Fuso wakaacha nyama. Vijana wanaonyanyua vyuma pale karibu na soko waliambiwa warudi wakikonda. Wanaume wazima walionekana wakipita na vipimo vya wake zao. Mmoja, namwona pale anaficha uso, alikamatwa kwa sababu karatasi yake ilisema ana mimba ya miezi saba. Watu wakaanza kujivunia upungufu. "Mimi niko na sita!" "Eh, weye una bahati, miye banasema kumi na tano, nitalala hapa."

Mnacheka, na mimi nilicheka. Sasa sikilizeni.

Siku moja alikuja bariyeri mama mmoja kijana, Igiraneza, akielekea kwa mama yake kuzaa. Mimba ilikuwa kubwa, na midomo yake ilikuwa myeupe kama unga wa muhogo. Wakaangalia kipimo chake. Wale wakaguzi walisimama, wakampigia saluti. Mkubwa wao akamwambia, "Mama, pongezi, weye hauna madini hata kidogo! Pita!" Igiraneza akashukuru, akapiga hatua kuelekea upande wa pili, akaanguka katikati ya barabara, kichwa upande wa Rutshuru na miguu upande wa Goma.

Daktari alikuwepo, alikuwa hachezi mbali siku zile kwa ajili ya vipimo. Akapiga kelele kwamba huyu mama anahitaji damu sasa hivi. Damu iko wapi? Mimi nawauliza ninyi: mahali gani katika mji huu mngekuta watu wenye damu nyingi, waliokwisha kupimwa, wamekaa mstari mmoja kwenye benchi, hawana pa kwenda? Walisimama wote. Dereva wa Fuso alitangulia, akiuliza, "Nikitosha kidogo, madini itashuka? Nitapita?" Wakamwambia utapita. Kumbe alikuwa tayari ameshakunja mkono wa shati kabla hajajibiwa. Igiraneza alijifungua kliniki asubuhi iliyofuata. Yeye na mtoto wapo hapa, nyuma, karibu na spika, na nawaomba wenye muziki muipunguze sauti kidogo kwa ajili ya masikio ya mtoto.

Kwa hiyo, Papa Sebahire, wengine watakusifu kwa mambo madogo. Mimi nakusifu kwa utafiti. Daktari na mimi tuliomba miaka mingi tupime damu ya watu wa barabara ile. Tulijibiwa kwamba mafuta ya gari hakuna, kwamba watu hawatakuja, kwamba lazima tuwape biskuti na fulana. Wewe uliwaleta wote, kwa mstari, bila biskuti, kwa kibao kimoja. Hakuna profesa aliyefanya hivyo. Na majibu yalipokusanywa tuliona kitu ambacho tulikuwa tunakisia tu: wanawake wengi wa barabara ile walipita bure. Wengi mno. Mama wa sokoni, mama wa shamba, wasichana wa shule, bariyeri iliwafungukia kwa sababu ndani yao hakukuwa na kitu cha kukamata. Nilipoisoma ile karatasi nililia, na sioni haya kusema nililia, kwa sababu jibu la karatasi ile lilikuwa gunia langu, na gunia lilikuwa depo.

Daktari atawaambia kwamba haragwe si sindano. Halimwinui mtu kwa siku moja. Linamwinua polepole, sufuria kwa sufuria, msimu kwa msimu, ndiyo maana msimu uliopotea unauma.

Kibao kiliondolewa siku Papa Sebahire mwenyewe alipopimwa. Alikutwa na damu kidogo. Alifurahi sana, akaniambia, "Umeona? Mimi niko musafi." Daktari akamwambia, "Papa, si usafi, ni ugonjwa. Kula maharagwe yenye chuma." Alirudi depo. Mlinzi alinisimulia: alisimama mbele ya gunia langu, mkono ukutani, kichwa kikimzunguka, na hakuchukua hata punje. Kitu kilichokamatwa ni kitu kilichokamatwa. Sasa naacha utani. Tunajua jinsi vitu vinavyoingia kwenye depo za mji huu vinavyotoka usiku kupitia dirishani. Gunia langu halikupungua. Alilipandisha juu ya mbao lisiguswe na unyevu, akalichanganyia majivu dhidi ya wadudu, akafukuza panya kwa mkono wake. Muzee huyu alilinda mbegu ile kuliko baadhi ya vituo vyetu vya utafiti, huku akiwa na uhakika kwamba ni mawe. Papa, Mungu akubariki kwa hilo. Nasema kwa moyo wote.

Sasa nafika asubuhi ya leo.

Nilipofika nilipita kwanza nyuma, jikoni, kumsalimia Mama Namegabe anayetupikia. Nikakuta mabeseni. Mabeseni makubwa, yamejaa maji, na ndani ya maji maharagwe mekundu yenye michirizi myeupe. Niliinama nikayachota. Ningeyatambua hata gizani.

"Mama Namegabe," nikamwuliza, "hii maharagi imetoka wapi?"

"Ku depo. Jana magaribi banaleta gunia, banasema depo inapashwa kuwa wazi mbele muzee aende. Banasema hii madini haina etiketi, basi haina mwenyewe, kwa hiyo inapita ku moto, njo kipimo ya mwisho. Mi nikauliza, na chumvi? Banasema chumvi iko ruhusa. Basi nikailoweka, juu makala ya moto iko ghali."

Ndiyo kanuni ya Biro: jiwe lisilo na mwenyewe linayeyushwa lionekane ni nini. Papa Sebahire aliitia sahihi amri hiyo pamoja na nyingine zote za kufunga kazi, na sidhani aliwaza sufuria. Na ninyi, wageni wangu, mlikuwa mmealikwa bila kujua kuja kula Simama Mama yote iliyobaki duniani, na wali, na nyama ya mbuzi.

Nilimwambia Mama Namegabe asiwashe moto. Nikamwambia, mutu akikuuliza, sema makala imelowa. Ndiyo sababu hamjala. Msimlaumu, nilaumuni mimi. Maharagwe yote ni mazima katika mabeseni yale, nimeyakagua kwa vidole vyangu.

Lakini sikilizeni vizuri, mama zangu mnajua, wengine nawaambia. Punje iliyolowekwa imekwisha kuambiwa amka. Huwezi kuirudisha ilale. Huwezi kuianika ukaitia tena guniani ukangoja faili. Ama inaingia ardhini leo, ama kesho inanuka. Mvua ya mwezi wa tisa imeanza. Shamba la Mama Nyiransabimana limelimwa, liko wazi. Minibasi zilizoleta mama zetu ziko hapo nje. Katikati ya mabeseni na shamba kuna kitu kimoja tu, na ni ile bariyeri.

Bwana Nshobole, nimekuuliza kwa adabu nilipofika, nawe umenijibu kwa adabu kwamba utaanza kazi kwa kusoma mafaili yote tangu la kwanza. Ni haki yako, na ninakutakia macho mazuri. Lakini muhuri unakabidhiwa hotuba zikiisha, na hotuba ya mwisho ni hii. Maana yake ni kwamba mkuu wa Biro ni Papa Sebahire mpaka nitakapokaa chini. Na mimi, Ndugu wageni, nimefundisha chuo. Naweza kusimama hapa nikiongea juu ya kromosomu mpaka jua lizame. Naona Padri ameshika kichwa.

Papa Sebahire, baba yangu. Sikuombi etiketi. Kanuni yako inasema madini yanasimama na chakula kinapita. Nakuomba tu neno. Tangu mwezi wa tatu umeiita mali, umeiita bidhaa, umeiita kitu kinachohusika na faili. Neno lake lenyewe sijalisikia kinywani mwako. Mama Namegabe, leta beseni moja hapa mbele. Taratibu, mama, lisimwagike. Liweke magotini pa muzee. Asante.

Papa, tia mkono.

Wageni, naomba kimya. Wenye muziki, zimeni kabisa.

Ametia mkono. Anazishika. Zimevimba, ziko laini, ngozi imeanza kukunjamana, si ndiyo, Papa? Anaigeuza moja. Chukua muda wako. Damu yako ni ndogo, usisimame kwa haraka. Bwana Nshobole, mshike mkono. Sasa amesimama. Anasema... Papa, karibia mikro. Sema tena, wa nyuma hawakusikia.

"Iko maharagi."

Mmesikia? Mheshimiwa Burgumesta, umesikia? Mkuu wa Biro, mbele ya mashahidi, muhuri ukiwa bado mkononi mwake, amesema ni maharagwe. Mama Nyiransabimana, usilie, panda gari. Kijana wa minibasi, washa. Mama Namegabe, funika mabeseni kwa kitambaa kilicholowa, usifunike kwa sahani. Papa Sebahire, wewe unakaa mbele, karibu na dereva, kwa sababu wale wa bariyeri watataka kulisikia neno hilo kwa sauti yako.

Namshukuru Burgumesta, nawashukuru viongozi wa dini, namshukuru Daktari, nawashukuru wote wa Biro. Wali na mbuzi vitatufuata shambani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi, wageni waalikwa, mtanisamehe, nawapa la kwenu siku ya kwanza. Mnaweza kuvua tai, na viatu virefu mviache kwenye gari. Mashimo ni vidole viwili, punje mbili kila shimo.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa naomba mikono.